Kiti cha Mdhibiti: Uteuzi wa Kiongozi wa Mamlaka ya Mawasiliano na Maana Yake kwa Msikilizaji wa Isiolo

Utangulizi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mara Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inapopata mkurugenzi mkuu mpya, methali hii hurejea vinywani mwa watu. Kampuni za simu hutarajia nafuu ya ada, vituo vya utangazaji hutarajia masafa na leseni, na mwananchi wa kawaida hutarajia mtandao usiokatika. Hata hivyo, methali hiyo haituelezi mgeni huyo ameingia kwa mlango upi, wala ni nani aliyemkabidhi ufunguo. Makala haya yanakusudia kuueleza mlango huo. Yataonyesha chimbuko la Mamlaka, namna kiti cha kiongozi wake hujazwa na kuachwa wazi, na jinsi maneno ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku, yaani mdhibiti, kaimu, huru na kuteua, yanavyoweza kutusaidia kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Mifano mingi itatazamwa kutoka Isiolo, kwa kuwa ni katika maeneo kama hayo ambapo uamuzi wa ofisi moja ya Nairobi huweza kumfanya mtu asikie habari au asisikie kabisa.

Hoja kuu ya makala ni kwamba uhuru wa chombo cha kusimamia mawasiliano haupimwi kwa sifa za mtu anayekikalia kiti peke yake. Hupimwa pia kwa namna alivyoingia na namna anavyoweza kuondolewa.

Chimbuko la Mamlaka

Hadi miaka ya 1990, Mkenya aliyetaka simu ya nyumbani alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha: Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililozaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Shirika hilo lilitoa huduma na wakati uo huo likasimamia sekta. Kwa maneno mengine, lilikuwa mchezaji na refa kwa pamoja. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 iliyatenganisha majukumu hayo, na mwaka 1999 shirika likagawanywa mara tatu: Telkom Kenya ikachukua simu, Shirika la Posta likachukua barua na vifurushi, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikapewa kazi ya urefa.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja na dai zito zaidi. Ibara ya 34, inayohusu uhuru wa vyombo vya habari, inataka pawepo chombo kitakachoweka viwango vya vyombo vya habari na kufuatilia utekelezaji wake, chombo kisichotawaliwa na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara, na kinachoakisi maslahi ya makundi yote ya jamii. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2013 yaliigeuza Tume kuwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka uliofuata, katika hukumu ya tarehe 29 Septemba 2014 kuhusu uhamiaji wa utangazaji wa dijitali, Mahakama ya Juu ilipata nafasi ya kujadili maana ya uhuru wa chombo kama hicho. Ilidhihirika kwamba uhuru una sura nyingi: kuna uhuru wa utendaji, uhuru wa fedha, na pia uhuru wa kuonekana na umma kuwa huru. Sura hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi hapa, kwa sababu hakuna kinachoonwa na umma kwa uwazi zaidi kuliko namna kiongozi anavyopatikana.

Kiti hujazwaje?

Ni vyema msomaji atofautishe viti viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara hata katika magazeti. Kiti cha kwanza ni cha mwenyekiti wa bodi, ambaye huteuliwa na Rais. Kiti cha pili ni cha mkurugenzi mkuu, ambaye ndiye mtendaji: hutia saini leseni, barua na maagizo. Bodi hutoa mwelekeo, naye mkurugenzi mkuu huutekeleza. Ndani ya bodi wamo pia makatibu wa wizara, yaani watumishi wa serikali ile ile ambayo Katiba inataka isikitawale chombo hicho.

Sheria ya 2013 ilipoandikwa, ilijaribu kuupunguza mkono wa serikali kwa kuweka jopo la kuwachuja wanaotaka ujumbe wa bodi. Katika jopo hilo walitajwa wawakilishi wa Baraza la Vyombo vya Habari, Chama cha Mawakili, wahandisi, walimu, watumiaji wa bidhaa na sekta ya kibinafsi. Nafasi zilipaswa kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika magazeti ya kitaifa. Kwa upande wa mkurugenzi mkuu, desturi ya mashirika ya umma ni kutangaza nafasi, kupokea maombi, kuorodhesha wachache wanaofaa, kuwahoji, na hatimaye kumtangaza mmoja. Ibara ya 232 ya Katiba inasisitiza kwamba ajira katika utumishi wa umma ifuate ushindani wa haki na ustahili, na kwamba jamii mbalimbali za nchi ziwakilishwe.

Kwa karatasi, basi, utaratibu upo. Tatizo huonekana tunapofuata historia ya kiti chenyewe. Francis Wangusi alianza kukikalia kama kaimu mwaka 2011, akathibitishwa mwaka 2012, akaondoka Agosti 2019. Baada yake Mercy Wanjau akawa kaimu hadi Oktoba 2021. Ezra Chiloba, aliyekuwa amewahi kuwa afisa mkuu mtendaji wa tume ya uchaguzi, akateuliwa mwezi huo. Septemba 2023 bodi ikamsimamisha kazi, na mwezi uliofuata akajiuzulu. Christopher Wambua akashika nafasi kwa ukaimu, kisha mwishoni mwa mwaka huo akateuliwa David Mugonyi, aliyewahi kuwa msemaji wa William Ruto alipokuwa Naibu wa Rais. Hata Wangusi mwenyewe aliwahi kutumwa likizo ya lazima na bodi Januari 2018, hadi mahakama ya masuala ya ajira ilipoingilia kati naye akarejea kazini.

Tukihesabu, tutaona kwamba kati ya Agosti 2019 na mwisho wa 2023 kiti hiki kilikaliwa na makaimu kwa muda unaozidi ule wa mkurugenzi aliyethibitishwa.

Neno kaimu na uzito wake

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoweza kuchangia jambo ambalo mwanasheria huenda akalipita. Neno kaimu limetokana na Kiarabu, na asili yake ni mtu anayesimama mahali pa mwingine. Kaimu hana mahali pake mwenyewe. Amesimama tu penye nyayo za mtu aliyeondoka au ajaye. Mwenye mahali ni mwingine. Kwa hiyo lugha yenyewe inatuambia kwamba ukaimu ni hali ya muda, daraja la kuvukia wala si nyumba ya kukaa.

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 imekubaliana na lugha katika jambo hili, kwani imeweka kikomo cha miezi sita kwa ukaimu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu aliyekopeshwa kiti huweza kunyang'anywa asubuhi yoyote bila maelezo. Hata akiwa mwadilifu na mwenye ujuzi wa kutosha, anajua kwamba kila barua anayoitia saini itasomwa na yule atakayeamua kama atathibitishwa au la. Hatusemi kwamba makaimu wa Mamlaka walikuwa dhaifu. Tunasema kwamba nafasi yao ilikuwa dhaifu. Tofauti hiyo ni muhimu, maana ya kwanza ni lawama kwa mtu na ya pili ni uchambuzi wa mfumo.

Jirani zetu wanatupatia mfano ulio wazi zaidi. Nchini Uganda, Godfrey Mutabazi alipoondoka katika uongozi wa Tume ya Mawasiliano mwaka 2020, Irene Kaggwa Sewankambo alikaimu hadi mwaka 2024, ambapo Nyombi Thembo aliteuliwa. Ni katika kipindi hicho cha ukaimu, mkesha wa uchaguzi mkuu wa Januari 2021, ambapo barua ya kuziagiza kampuni kusitisha huduma za intaneti nchini kote ilitolewa kwa saini ya kaimu huyo. Je, mkurugenzi aliyethibitishwa angekataa? Hakuna awezaye kuapa. Lakini ni dhahiri kwamba kaimu ndiye mwenye sababu chache zaidi za kutumaini kwamba akikataa leo, kesho atakuwa bado ofisini.

Kuteua na kutengua

Kitenzi teua kina historia njema katika Kiswahili. Mkulima huteua mbegu: huzimimina sinia, akaziacha zilizotobolewa na wadudu na kuzichukua zilizojaa. Kuteua, basi, si kuchukua tu. Ni kuchukua kilicho bora baada ya kuvitazama vyote. Kuteua kunadai sinia iwe wazi na mbegu ziwe nyingi. Pale ambapo mbegu ni moja na imeletwa ikiwa ndani ya kiganja kilichofumbwa, tunaweza kuita kitendo hicho kukabidhi, lakini si kuteua kwa maana kamili ya neno.

Kinyume chake huitwa kutengua, neno linalosikika mno Tanzania. Aprili 2016, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Ally Simba, mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kuivunja bodi yake. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Neno hili nalo lina darasa lake. Wanafunzi wa madrasa huko Isiolo, Garba Tula na Merti hufundishwa mapema mambo yanayotengua udhu, na hufundishwa moja baada ya jingine. Mtu haamki tu akamwambia mwenzake kwamba udhu wake umetenguka. Lazima iwepo sababu mojawapo kati ya zile zilizotajwa. Uteuzi wa kiongozi wa chombo huru unastahili angalau kinga hiyo: sababu za kumwondoa ziwe zimetajwa kabla, na zithibitishwe mbele ya watu.

Mdhibiti au mwangalizi?

Vyombo vyetu vya habari vimezoea kumwita kiongozi huyu mdhibiti wa mawasiliano. Dhibiti ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kushika kwa nguvu, kuzuia kisiponyoke. Polisi hudhibiti ghasia, daktari hudhibiti maradhi. Tukisema kwamba Mamlaka hudhibiti mawasiliano, tayari tumekubali, pengine bila kujua, kwamba mawasiliano ni kama ghasia au maradhi. Ibara ya 34 haisemi hivyo. Inazungumza juu ya viwango na ufuatiliaji, yaani kazi iliyo karibu na ile ya mwangalizi au refa.

Neno huru nalo lina kumbukumbu ya Pwani. Mtu huru alikuwa yule asiye na bwana. Chombo huru, kwa mantiki hiyo hiyo, ni kile kisicho na mwenyewe. Ukitaka kujua kama chombo kina mwenyewe, usiulize kimeandikwa nini kwenye bango la mlangoni. Uliza ni nani awezaye kumwita kiongozi wake usiku na kumwambia afanye jambo, na itakuwaje asipolifanya.

Saini moja na msikilizaji wa Isiolo

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanamhusu vipi mfugaji wa Oldonyiro au mama muuza maziwa wa mjini Isiolo? Yanamhusu kwa njia tatu.

Kwanza ni suala la redio. Kaunti ya Isiolo ilikuwa na watu 268,002 kwa mujibu wa sensa ya 2019, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000. Husikika humo Kiborana, Kiturkana, Kisamburu, Kimeru na Kisomali, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote sokoni, hospitalini na katika mabaraza ya amani. Kutoka mjini hutangaza vituo kama Redio Shahidi na Redio Angaaf. Masafa yao na leseni zao hutoka kwa Mamlaka. Uvumi wa wizi wa mifugo unapoenea, kituo cha karibu kinachoaminika huweza kuuzima kabla haujawa mapigano. Kikiwa kimya, uvumi hubaki bila mpinzani.

Pili ni suala la mtandao wa simu. Mamlaka inasimamia Hazina ya Huduma kwa Wote, inayochangiwa na kampuni zenye leseni ili huduma zifike mahali ambapo biashara peke yake haiwezi kuzifikisha. Uchunguzi wa Mamlaka yenyewe wa mwaka 2016 ulihesabu kata ndogo 164 zisizo na huduma yoyote ya simu nchini, nyingi zikiwa katika kaunti kame za kaskazini. Ni ofisi ya mkurugenzi mkuu inayopanga ni mnara upi utangulie na ni upi usubiri. Kiongozi anayebadilika kila mara hawezi kuufuata mpango wa miaka mitano hadi mwisho, na anayesubiri hapo ni yule aliye mbali zaidi na barabara ya lami.

Tatu ni suala la amri. Tarehe 30 Januari 2018, serikali ilizima matangazo ya NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya hafla ya kumwapisha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, Mamlaka iliviagiza vituo vyote vya redio na televisheni visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano. Agizo hilo lilikuwa na saini ya mkurugenzi mkuu, na baadhi ya vituo vikakatiwa mawimbi. Siku iyo hiyo Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo.

Mkazi wa Nairobi anayezimiwa televisheni hutoka nje akajionea mwenyewe, au akafungua simu yake. Mkazi wa Sericho aliye na redio ndogo ya betri hana dirisha la pili. Saini ile ile ina uzito tofauti kulingana na mahali msikilizaji alipo. Hii ndiyo sababu swali la nani atie saini, na aliingiaje ofisini, si swali la wakubwa wa mjini tu.

Mfano kutoka mbali

Isidhaniwe kwamba wenzetu wa Ulaya wamelimaliza jambo hili. Uingereza ilipotafuta mwenyekiti wa chombo chake cha mawasiliano, Ofcom, mwaka 2021, jopo la usaili liliona kwamba Paul Dacre, mhariri wa zamani aliyesemekana kupendelewa na serikali, hafai kuteuliwa. Serikali ikaamua kuanza ushindani upya, jambo lililozua malalamiko makali. Dacre mwenyewe akajitoa, na hatimaye Michael Grade akateuliwa mwaka 2022 baada ya kuhojiwa na kamati ya Bunge. Funzo si kwamba Waingereza ni waadilifu kutuzidi, kwani serikali yao nayo ilijaribu kuusukuma mlango. Funzo ni kwamba ilionekana ikiusukuma. Pale ambapo hatua zinajulikana, hata upendeleo hulazimika kutembea mchana.

Lugha ya tangazo

Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mijadala ya kazi kama hii, kuanzia sifa zinazotakiwa hadi maelezo ya majukumu, hufanyika kwa Kiingereza cha kiofisi. Mzee wa Kinna anayesikiliza redio kila jioni hawezi kuuliza swali kuhusu mchakato ambao hajawahi kuusikia ukitajwa kwa lugha anayoielewa. Ushirikishwaji wa umma, ambao Ibara ya 10 inauhesabu miongoni mwa maadili ya taifa, huanzia kwenye kuelewa.

Hapa chama chetu kina kazi. Tunaweza kuandaa tafsiri sanifu ya sheria ya habari na mawasiliano pamoja na faharasa fupi ya istilahi zake, na kuvipatia vituo vya kaunti ili watangazaji wasilazimike kubuni neno hewani. Tunaweza pia kujadiliana kama neno mdhibiti linastahili kuendelea kutumika, au tulipe nafasi jina lingine linaloafikiana na roho ya Katiba. Wapo watakaosema kwamba kubadilisha jina hakubadilishi tabia. Ni kweli. Lakini jina baya humpa mtenda mabaya kisingizio, na si vyema wataalamu wa lugha wawe ndio wanaomkabidhi.

Hitimisho

Makala yameeleza kwamba kiti cha mkurugenzi mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano kimejazwa na kuachwa wazi kwa namna ambayo mara nyingi imemweka mkaaji wake katika hali ya kukopeshwa. Yamependekeza, kwa kufuata maana za maneno yetu wenyewe, kwamba kuteua kuwe kuteua kwa kweli: nafasi itangazwe kwa lugha zote mbili rasmi, majina ya walioorodheshwa yawekwe wazi, na usaili ufanyike hadharani. Ukaimu usivuke miezi sita ya sheria. Kutengua nako kuwe na sababu zilizotajwa mapema na kuthibitishwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kwa mkazi wa Isiolo, uponyaji huo una maana nyepesi: mnara unaofika kijijini, na redio isiyonyamazishwa siku ambayo habari zinahitajika zaidi. Kiongozi mmoja mwema anaweza kumpatia hayo kwa muhula mmoja. Mlango ulio wazi ndio utakaompatia kwa mihula yote ijayo.